Uzi: Ile "O" kwenye karatasi yako ya taifodi ni kitu gani hasa?

#1 Fundi Sampuli (Mwanjelwa, Mbeya)

Wakuu, poleni na baridi.

Nafanya kazi maabara hapa Mbeya, mwaka wa kumi na moja sasa. Kila Jumatatu lazima mtu arudi dirishani na karatasi yake kaikunja mara nne, ananiuliza: "Kijana, hapa wameandika O moja kwa mia sitini, H moja kwa themanini. Kwa hiyo nina taifodi ngapi?" Ngapi! Utadhani ni debe za viazi. Foleni nyuma yake imefika mlangoni, namjibu nusu nusu, anaondoka hajaelewa. Leo niko zamu ya usiku na kumetulia. Wa kusoma asome.

O siyo kiasi cha ugonjwa. O ni jina la koti la bakteria.

Tuanze na herufi zenyewe. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia watafiti wawili, Weil na Felix, walikuwa wakiotesha bakteria aina ya Proteus kwenye sahani. Wale wenye mikia ya kuogelea walitambaa wakaifunika sahani yote kwa utando mwembamba, kama ule ukungu unaobaki ukipumulia kioo cha daladala asubuhi ya mwezi wa saba. Kijerumani pumzi ya hivyo ni *Hauch*. Wakaandika H. Wasio na mikia walikaa pale pale walipowekwa, *ohne Hauch*, bila pumzi. Wakaandika O. Basi kwenye karatasi yako H ni kingamwili zako (silaha ambazo damu hutengeneza kupambana na mdudu) dhidi ya mkia, O ni kingamwili dhidi ya koti. Hakuna fumbo.

Sasa hilo koti. Bakteria wa taifodi ana tando mbili. Ya ndani ni ya kawaida. Ya nje ndiyo yenye mambo: upande unaotazama nje, karibu robo tatu ya eneo lake imeezekwa kwa molekuli moja, lipopolisakaridi, nusu mafuta nusu sukari. Vitu vya ukoo huu, sukari iliyofungwa kwenye mafuta, kwa jumla vinaitwa glikolipidi.

Chukulia kitunguu kilichopandwa. Mizizi ni minyororo ya asidi za mafuta, kwa kawaida sita, imezama ndani ya utando. Tunguu lenyewe ni sukari mbili za glukosamini zilizoshikana, kila moja na fosfati yake. Mizizi na tunguu pamoja huitwa lipidi A. Juu yake kuna shingo fupi ya sukari ngeni ngeni, nyingine ina kaboni nane, ambayo mwilini mwako huikuti. Halafu ndiyo majani marefu: kipande kilekile cha sukari tatu nne kinajirudia, kinajirudia, mara kumi, mara arobaini na zaidi. Majani hayo ndiyo O.

Kwa bakteria wa taifodi kipande hicho ni manosi, ramnosi na galaktosi, na pembeni ya manosi imening'inia sukari adimu inayoitwa taivelosi. Ukimwendea binamu yake Salmonella Typhimurium, yule wa kuhara baada ya sherehe, uti wa mgongo ni uleule, ila pembeni ameweka abekosi badala ya taivelosi. Paratyphi A ameweka paratosi. Tofauti ni namna atomi chache zilivyogeukia, lakini kinga yako inaiona kama wewe unavyoona sare za shule mbili.

Sasa ndugu yangu wa moja kwa mia sitini: tulichofanya ni kuchukua majimaji ya damu yako, kuyachanganya na bakteria waliokufa waliopakwa rangi, na kuangalia kama wanagandana. Maana ya namba ni kwamba hata tukiyazimua mara 160 bado wanagandana. Hatujamwona bakteria wako. Tumeona kwamba damu yako inalikumbuka koti. Ililiona lini? Wiki hii, mwaka juzi, au kwa binamu mwenye koti la kufanana, karatasi haisemi. Salmonella Enteritidis, kwa mfano, anayo taivelosi hiyohiyo.

---

#2 Mnyalukolo 82

Kamwene mkuu. Kwa hiyo unatuambia miaka yote tumekuwa tukinywa dawa bure? Maana huku Kihesa ukienda na kichwa kinauma, taifodi. Mgongo, taifodi. Umegombana na mke, taifodi. Sema tu hiki kipimo cha taifodi, Widal, ni utapeli tujue.

---

#3 Fundi Sampuli

Sisemi hivyo, na usininukuu hivyo. Daktari Widal mwenyewe alikitoa Ufaransa 1896, na kwa wakati ule kilikuwa maajabu. Kilitakiwa kitumike hivi: sampuli ya kwanza leo, ya pili baada ya wiki moja hadi mbili, na uone kama namba imepanda mara nne au zaidi. Sisi tunachukua moja, tena kwa kugandisha juu ya kioo kwa dakika moja, na hapohapo mtu anaandikiwa dawa. Sehemu ambayo salmonela wako mtaani kila siku, watu wengi wazima wana namba kidogo hata wakiwa wanacheza bao. Kipimo cha kuamini ni kuotesha damu, kabla hujagusa dawa, na hata hicho kinawakosa wagonjwa wengi kwa sababu bakteria kwenye damu huwa wachache.

Mimi mwenyewe, kabla sijasomea kazi hii, kuna zahanati moja ilinitibu taifodi mara tatu ndani ya mwaka. Mara ya tatu nilikuwa na jino bovu.

---

#4 Sista Ipogolo

Nashukuru kwa somo. Mimi ni muuguzi Iringa, nina swali ambalo limenikaa muda mrefu. Zamani kazini tulifundishwa kwamba mgonjwa akianza kutetemeka na kupanda homa ghafla muda mfupi baada ya kuwekewa dripu, jambo mojawapo la kushuku ni maji yenyewe. Lakini maji yamepikwa kiwandani kwa joto na mvuke. Bakteria wote wamekufa. Kinachomtetemesha ni nini?

---

#5 Fundi Sampuli

Sista, swali lako lina zaidi ya miaka mia moja, na hapa ndipo utamu ulipo.

1892 Berlin, kwenye maabara ya Robert Koch, Richard Pfeiffer aliwaua bakteria wa kipindupindu kwa joto, akawadunga simbilisi wa maabara (guinea pig). Bakteria maiti, na bado wanyama wakafa. Akasema kuna sumu iliyomo ndani ya mwili wa bakteria, haitemwi nje, akaiita endotoksini, sumu ya ndani. Jina limebaki ingawa aliongopewa na macho: sumu iko nje kabisa, kwenye koti. Ni lile tunguu langu na mizizi yake, lipidi A.

Maji yakichemka bakteria anakufa, lakini lipidi A ni mafuta na sukari, siyo protini ya kuharibika kama ute wa yai. Inaelea tu majini. Ndiyo maana vyombo vya kioo vya kutengenezea dawa za sindano huokwa kwenye joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa. Mvuke wa 121 unaosafisha mikasi haumalizi kazi hiyo.

Na kiasi chenyewe sasa. Watu wazima waliojitolea kwenye utafiti hudungwa nanogramu mbili hadi nne kwa kila kilo ya mwili. Nanogramu ni gramu moja umeigawa mara bilioni. Kwa mtu wa kilo sitini hiyo ni chembe ndogo mno, na ndani ya saa moja au mbili anatetemeka, kichwa, homa, halafu kesho yake ni mzima. Lipidi A yenyewe haijamuunguza popote. Seli zake za kinga zina kipokezi kinachoitwa TLR4, kikiigusa mizizi ile sita kinapiga king'ora. Kazi ya Bruce Beutler iliyoonyesha hilo ni ya 1998, Nobel akapata 2011. King'ora kikipigwa kidogo, unapona. Kikipigwa mwili mzima kwa wakati mmoja, mishipa inalegea, presha inaporomoka, na hapo ndipo tunapowapoteza wagonjwa wenye bakteria kwenye damu.

Dawa za sindano hupimwaje zisiwe nayo? Kwa damu ya kaa. Kuna mnyama wa baharini, umbo la kwato ya farasi, wanamwita kaa ingawa kiukoo yuko karibu zaidi na buibui. Damu yake ni ya bluu. 1956 Frederick Bang aliona kwamba damu hiyo ikikutana na bakteria wa aina hii inaganda kama uji. Tangu miaka ya sabini viwanda vinatumia kipimo chake. Siku hizi kuna cha kutengenezwa bila kumkamua mnyama.

---

#6 Babu Kibaoni

Kwa hiyo nikitundikiwa dripu Mbeya kuna kaa wa Ulaya alishatoa damu kwa ajili yangu. Nimekosa usingizi sasa.

---

#7 Fundi Sampuli

Babu, wengi wa hao ni wa pwani ya Marekani. Lala.

---

#8 Mama Ng'ombe (Tukuyu)

Ndaga fijo mwanangu kwa maelezo. Mimi sina elimu ya sukari na mafuta, nafuga ng'ombe wanne wa maziwa. Mwezi uliopita mmoja katupa mimba ya miezi saba. Bwana mifugo kachukua damu, kaniambia wanapima kwa Rose Bengal na imeonyesha brusela. Nina maswali mawili. Hiyo sumu isiyokufa kwa kuchemsha, je, imo kwenye maziwa ninayowapa wajukuu hata nikichemsha? Na hicho kipimo cha ng'ombe nacho kinaangalia koti? Maana huyu ng'ombe nilimnunua shamba kubwa, alikuwa na cheti kizuri.

---

#9 Fundi Sampuli

Shikamoo mama.

La kwanza: chemsha na uwape. Bakteria wa brusela anakufa maziwa yakichemka, na huyo aliyekufa hawezi kumwambukiza mtoto. Masalia ya koti lake yakipita tumboni hayana shida, kwa sababu utumbo wetu tayari umejaa bakteria wenye makoti ya namna hiyo. Ubaya wake ni pale yanapoingia kwenye damu moja kwa moja. Tena brusela ni mjanja: lipidi A yake ina mzizi mmoja mrefu wa kaboni 28, TLR4 inaigusa kwa shida, king'ora hakilii. Ndiyo maana mtu mwenye brusela anakaa na homa za kuja na kuondoka kwa miezi bila kuanguka. Mtindi wa maziwa mabichi, hapana mama, hata kama ni mtamu. Na aliyemsaidia ng'ombe kutoa ile mimba bila glovu aende kupimwa.

La pili: ndiyo, ni koti. Kwenye Rose Bengal ile rangi ya waridi ni brusela waliokufa waliopakwa rangi, na kinachowagandisha ni kingamwili dhidi ya majani ya koti lao. Majani yake ni rahisi sana, sukari moja tu inayoitwa perosamini imejipanga foleni. Bahati mbaya kuna bakteria mwingine, Yersinia enterocolitica aina ya O:9, wa tumbo la kawaida, naye amevaa foleni ya perosamini hiyohiyo. Ng'ombe aliyekutana na huyo anaweza kuonekana ana brusela.

Na kuna chanjo. Ya zamani, S19, ni brusela hai aliyedhoofishwa lakini koti lake liko kamili, kwa hiyo ng'ombe aliyechanjwa anaweza kuonekana mgonjwa kwenye kipimo. Ndiyo maana inatakiwa apewe ndama jike, ili kingamwili zishuke kabla hajakua. Baadaye ikatengenezwa RB51, brusela asiye na majani kabisa, kipimo hakimwoni. Kwa hiyo kabla hujamuuza ng'ombe kwa bei ya nyama, kiulize kile cheti: alichanjwa? Kwa ipi? Akiwa na umri gani?

---

#10 Mkulima Mbozi

Nyie mnaongea homa na mimba tu. Mimi nilifundishwa na mtaalamu wa Uyole kwamba bakteria kwenye mizizi ya maharage ni mbolea ya bure. Hao nao wana makoti? Mbona maharage hayapati homa?

---

#11 Kijana wa Kemia

Naomba nijibu hili, nipo mwaka wa tatu na ndilo ninalolipenda.

Wanayo makoti mkuu, lakini kitu kizuri zaidi ni kwamba wanatuma barua, na barua yenyewe ni glikolipidi ndogo. Mzizi wa harage ukikosa naitrojeni unamwaga kemikali udongoni. Rizobia, ndiye huyo bakteria wa mizizi, akizinusa, anaunda mnyororo mfupi wa sukari tatu hadi tano, sukari ileile inayounda gamba la mdudu na ukuta wa uyoga, anaufunga na mkia mmoja wa mafuta. Muundo wake ulijulikana 1990, kwa rizobia wa lusini, lile jani la malisho. Kila rizobia ana saini yake: huyu kaongeza salfeti, yule kabadilisha urefu wa mkia. Saini ikilingana, vinywele vya mzizi vinajikunja kama kidole kinachoita, bakteria anaingia, na kinundu kinaanza kuota. Inatosha molekuli chache kiasi kwamba ukipima maji ya udongo hutaziona kirahisi.

Kwa hiyo jibu la mbona hapati homa: harage lina vipokezi vya kusoma barua ile, na likishaisoma linafungua mlango. Ukitaka kujua kama mbolea yako ya bure inafanya kazi, ng'oa mche unapoanza maua, pasua kinundu. Chekundu au waridi ndani, wako kazini. Cheupe au kijani, wamelala. Na ukimwaga yurea nyingi mwanzoni harage halina haja ya kuita mtu, usije ukalaumu mbegu.

Nyongeza fupi kuhusu baridi yetu. Mawese ya Kyela ukiyapandisha Mbeya mwezi wa saba yanaganda, alizeti hayagandi, kwa sababu minyororo ya mafuta ya alizeti imejipinda, haikai ikapangana. Bakteria wa utumbo, E. coli, ukimwotesha kwenye nyuzi 12 anafanya hesabu hiyohiyo: kwenye lipidi A anaondoa mkia ulionyooka, anaweka uliojipinda, ili koti lisikakamae. Bakteria anajua kubadilisha mafuta ya kupikia kuliko mama ntilie.

---

#12 Mkulima Mbozi

Hiyo ya kupasua kinundu nimetoka kuifanya sasa hivi na tochi ya simu. Waridi. Mke wangu ameniuliza kama niko sawa.

---

#13 Mnyalukolo 82

Fundi, nakusubiri kwenye TB. Umesema bakteria wana tando mbili na majani ya kitunguu. Kaka yangu alipopimwa makohozi walimwambia mdudu wa TB hakubali rangi ya kawaida. Sasa naye ana O?

---

#14 Fundi Sampuli

Umenikamata, niliandika kama vile wote wako hivyo. Hapana. Lipopolisakaridi ni ya wale wanaoonekana wekundu kwenye rangi ya Gram, ile tunayotumia maabara kugawa bakteria makundi mawili. Wanaoonekana zambarau, kama wa majipu, hawana utando wa nje. Wana ukuta mnene na nyuzi zilizotiwa nanga kwenye utando wa ndani kwa glikolipidi ya sukari mbili.

TB ni ukoo mwingine kabisa. Huyu kajipaka nta. Asidi zake za maikoliki zina kaboni 60 hadi 90, wakati mafuta ya kwenye kikaango chako yana kaboni 18 hivi. Rangi nyekundu tunaipikia juu ya moto ndiyo iingie, na ikishaingia hata tukimwagia asidi na spiriti haitoki. Wengine wote wanaoshwa, tunawapaka bluu. Ukichungulia: vijiti vyekundu kwenye uwanja wa bluu. Nimeona maelfu na bado nikikiona kimoja nasimama kidogo.

Nta mbili za hizo zikifungwa kwenye trehalosi, sukari ndogo tu, unapata kitu cha kutisha kinachowafanya bakteria wakue wamejisokota kama kamba ya katani. Kitu hicho ndicho kinachosaidia kuwafanya walinzi wa pafu wammeze mdudu halafu washindwe kummaliza. Na ana nyingine ndefu, LAM, sukari juu, mafuta chini, inayochujwa hadi kwenye mkojo. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani limeruhusu ipimwe kwenye mkojo kwa wagonjwa wenye VVU waliodhoofika, hata wale wasioweza kukohoa. Kijikaratasi, matone ya mkojo, dakika 25. Sista atakuwa anakijua.

Na dawa? Zile alizomeza kaka yako: isoniazidi inazuia kutengenezwa kwa nta, ethambutoli inazuia sukari za kushikilia hiyo nta. Alikuwa anamvua mdudu nguo kila asubuhi.

---

#15 Sista Ipogolo

Nakijua. Kwa wagonjwa wetu wa wodini kimeokoa siku nyingi za kusubiri makohozi yasiyotoka. Lakini tuwaambie watu ukweli wote: kikiwa hasi hakimaanishi huna TB.

---

#16 Fundi Sampuli

Kweli kabisa Sista, asante.

---

#17 Babu Kibaoni

Swali la mwisho kabla sijalala. Nikienda kesho nikaambiwa O 1:160, nifanye nini?

---

#18 Fundi Sampuli

Babu, muulize daktari: homa ina siku ngapi, malaria imepimwa, na je, damu inaweza kuoteshwa kabla ya dawa? Kama homa ni kali na ya siku nyingi usisubiri mtandao, nenda. Kama huna homa na ulienda kwa sababu mgongo unauma baada ya kulima, hiyo 160 ni kumbukumbu tu.

---

#19 Mama Ng'ombe (Tukuyu)

Wanangu, nimerudi. Nimekitafuta cheti, kilikuwa chini ya godoro. Kimeandikwa S19, na tarehe ukihesabu alikuwa na miaka mitatu, ameshazaa mara moja. Bwana mifugo amekiona, akakuna kichwa, akachukua damu nyingine ipelekwe maabara kubwa. Ng'ombe nimemtenga na wenzake. Maziwa ya wale watatu nachemsha mpaka yanafura mara mbili, mjukuu analalamika hayana ladha.